Mimi si kontena

Nimeosha vyombo, nimeswali Isha, nimejilaza, na bado nalisikia: "Niwata (niache)! Mimi si kontena!"

Ni Nyanya huyo, pale kivuko cha Likoni, Mombasa, tukirudi kutoka harusini. Feri ilipogusa gati watu wakasukumana, nikamshika mkono juu ya kiwiko. Akaung'oa. Akavua champali, akazitia kwapani, akapanda ule mteremko pekupeku. Mwenzangu wa bandarini aliyekuwa nyuma yetu akacheka mpaka akakohoa.

Sikumshika bure. Mwaka jana vile vijiwe vya chokaa vya ndani ya sikio vilimponyoka vikaingia kwenye mirija inayopima mzunguko wa kichwa. Akigeuka tu kitandani, ubongo unaambiwa chumba chazunguka. Daktari alimlaza, akamgeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka vikarudi mahali pake. Mtu wa namna hiyo nimwache kwenye msukumano? Simwachi. Kesho nitamshika tena.

Ila ile sauti. Ilikuwa hasira, ama ni masikio? Maana Nyanya siku hizi hupaza sauti hata akiomba chumvi. Zile seli za sikioni zenye vinyweleo, zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za ubongoni, za kupokea sauti nyembamba ndizo hufa mwanzo, na kwa binadamu hazioti tena. Kwa kuku huota. Nyanya amefuga kuku maisha yake yote na hili nimeogopa kumwambia. Basi nalirudia: "Niwata!" Nikilisema polepole linakuwa mzaha. Nikilisema kwa nguvu, mwenzangu yule anacheka upya.

Juzi stima zikapotea kabla ya Alfajiri. Nikasikia Nyanya ameamka kutawadha. Giza totoro. Akapita baina ya kochi na ndoo, akakunja penye kabati, ukuta hakuugusa. Mimi natafuta simu nimulike, huku ndoo nishaipiga teke. Nikacheka peke yangu ukumbini, nimerowa.

Mwanasayansi Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, alipata Nobel mwaka 2021 pamoja na David Julius kwa mambo haya haya: jinsi mwili unavyohisi joto na mguso. Yeye na wenzake walizidunga seli kwa kijisindano, wakizima jeni moja moja katika orodha ya 72, wakitafuta ile inayohisi mguso. Ya mwisho ndiyo iliyokuwa yenyewe. Wakaiita Piezo1. Dadake, Piezo2, ndiyo iliyomo kwenye ngozi, misuli na viungo: unyayo ukikandamizwa, mlango inaoutengeneza kwenye seli hufunguka na habari ikapanda hadi ubongoni. Wapo watu wachache waliozaliwa nayo haifanyi kazi, na wakifumba macho hawajui mikono yao iko wapi. Kutembea gizani ni balaa kwao. Nyanya mlango huo anao mzima, champali ndizo zinazomzibia.

Asubuhi, chai ikimiminwa, nikamwuliza kama siku ile pale feri alikasirika.

"Feri gani?"

Nikamtazama. Akachovya mahamri yake.

Haya. Sasa kuna barua ya shule ya mtoto Rama: wanataka buti za skauti kufikia Ijumaa, na soko zima la Kongowea saizi yake sijaiona.