Kigingi

"Baba, hapa mkanda umetoboka?"

Binti yangu alikuwa dirishani, ameinua kipande cha negativu kwenye mwanga, kidole kimekaribia kabisa fremu ya tatu. Nikamwambia ashike kwa kingo, asiguse katikati. Kisha nikasogea kutazama.

Hapakuwa na tundu. Palikuwa na doa jeusi, dogo kama ncha ya pini. Kwenye negativu kila cheupe huonekana cheusi, na kile cheupe kilikuwa ushungi wa skuli. Sikumjibu mara moja. Nilikaa chini kwanza.

Ni mkanda wa wakati ule nakaa Kikwajuni, mjini Unguja, na kufanya zamu za usiku, wakati wa kamera yangu ya Zenit. Mwaka 2003, upepo wa kusi umeshashika. Nilitoka kazini alfajiri, na badala ya kwenda kulala nikapanda gari ya Jambiani pale Darajani, namba 309, nikiwa na mkanda mmoja wa Ilford HP5 niliouweka kabatini miezi kadhaa nikiuonea uchungu. Nilishuka Paje. Nilikuwa nimeuhesabu mwezi, nikajua ni siku za bamvua.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwetu Unguja siku hizo maji hukupwa hasa mnamo saa nne za asubuhi. Bahari inarudi nyuma mpaka karibu na mwamba, inaacha nyuma yake uwanja wa mchanga na maji ya magotini, na hapo kina mama wanaingia mashambani. Kilimo cha mwani kilianza kwa biashara mwaka 1989, hapo hapo Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na tangu hapo ratiba ya nyumba nyingi za upande wa mashariki inafuata maji. Unafunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa tai-tai, vile vikamba vidogo, kamba unaifunga kwenye vigingi viwili, unasubiri kama wiki sita, unavuna, unaanika. Ukichelewa siku za bamvua, maji mafu, yale yasiyokupwa sana, yanakukuta na kamba tupu. Na saa nne za asubuhi ndiyo saa ambayo mtoto yuko darasani.

Yule mama nilimkuta ameketi majini, maji yamemfika kiunoni. Kanga moja kaifunga kifuani, nyingine kichwani, na ile ya kichwani maandishi yake yamekunjamana usiweze kusoma ila neno moja tu: subira.

"Habari za kazi, dada?"

"Njema. Umekuja kupiga?"

"Ukiniruhusu."

"Wenzako wanapiga wanaondoka nazo. Hata moja hatujawahi kuiona. Wewe utaleta?"

"Nitaleta."

"Haya, piga. Lakini sisimami. Maji yanarudi."

Nilipiga mbili zikiwa za haraka haraka. Ya tatu, alishika kamba kwa mikono miwili akaiinua, mwani umening'inia kama mkufu mzito, maji yanachuruzika, na uso wake umegeuka kidogo kutazama fundo lililolegea. Nilijua nimeipata. Wapiga picha wenzangu mnaujua ule utulivu unaoingia kifuani kabla hata hujavuta mkanda kwenda fremu inayofuata.

Nyumbani nilikuwa nasafisha picha mwenyewe, chooni, usiku. Dawa yangu ya kusafishia, D-76, inataka nyuzi 20, na maji ya bomba ya Unguja hayajui nyuzi 20 ni nini, kwa hiyo kazi ilianza kwa kununua barafu na kuizungushia chupa kwenye beseni. Mashine ya kukuzia niliinunua kwenye studio iliyofunga. Taa nyekundu, trei tatu, mlango umezibwa kwa kanga ya mama. Karatasi ikaingia kwenye dawa, nikaanza kuitikisa. Ikaja kanga kwanza, halafu kamba, halafu uso. Mwisho kabisa, kona ya juu kulia, mbali kama hatua mia nyuma ya yule mama, ukatokea mstari mdogo mweusi uliosimama wima, na juu yake kinukta cheupe.

Nikajisemea: kigingi, na vumbi.

Aliyewahi kuprinti picha kwa mkono hatanishangaa. Vumbi likikaa kwenye negativu huzuia mwanga, na kwenye karatasi huacha nukta nyeupe. Nukta nyeupe dawa yake ni brashi nyembamba na wino wa maji uliozimuliwa. Unadonoa, unangoja, unadonoa tena, mpaka rangi yake ifanane na jirani yake. Niliinama juu ya ile picha karibu nusu saa nikidonoa, mpaka kile cheupe kikawa bahari. Niliona fahari sana. Hiyo nikaitia fremu na kuitundika ukutani. Nakala ya pili, ya yule mama, niliprinti usiku huo huo lakini wino ulikuwa umekwisha kisahanini, nami nikawa nimechoka. Nikaiacha na nukta yake.

Halafu nikakaa nayo miezi minne. Zamu, msiba, homa, kesho, keshokutwa. Kaskazi ilikuwa imeshaanza kuvuma nilipofika tena Paje na bahasha ya kaki kwapani, nikauliza nyumba kwa nyumba nikimwonyesha kila mtu uso wa yule mama.

Nilimkuta uani kwake, kwenye mkeka, anafunga tai-tai kwenye kamba kwa ajili ya bamvua linalokuja. Mwani mkavu ulikuwa umetandazwa pembeni, na harufu yake, ile ya chumvi na jua na kitu kama majani yaliyooza kidogo, imejaa ua mzima. Aliifuta mikono kwenye kanga mara mbili kabla ya kuipokea picha. Vidole vyake ncha zilikuwa nyeupe, zimechanika kwa chumvi na kamba.

"Umeleta," alisema. Nami nikaona haya kwa ile miezi minne.

Alijitazama uso kwa muda mfupi sana, kama mtu anayehakikisha tu. Halafu akaitazama kamba. "Hii ilikuwa imeshiba," akasema. Kisha kidole kikaendelea. Hapa ndipo picha ilipobadilika mbele yangu, kwa sababu nilikuwa nimeitazama miezi minne na sikuwahi kuiona namna ile. Alikuwa anaisoma kama mtu anayetembea. Alitoka pale alipokuwa ameketi, akavuka shamba la jirani yake akalitaja, akapita kwenye shimo la maji ambalo kwangu lilikuwa ni weusi tu, akasema hapo panazama mtu, akaenda mpaka mstari mwingine wa kamba. Kidole kikasimama kona ya juu kulia.

"Hiki nini?"

"Kigingi," nikamjibu.

Alikaa kimya. Kuku alipita kwenye mwani, hakumfukuza.

"Kaka, kigingi cha mwani hakifiki magotini. Hiki kirefu kuliko vyote. Na hapa ni shamba la mama yangu. Mama hajaingia pwani tangu miguu ilipovimba. Nani kasimama shambani kwa mama?"

Hakuniuliza mimi hasa. Alikuwa anaiuliza ile picha. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza kidogo upande wa jua.

"Umepiga siku gani?"

Nilikuwa nimeandika nyuma kwa penseli, siku na saa, kama ilivyo desturi yangu. Jumatano. Saa nne na robo. Aligeuza, akasoma. Kisha akaita jina, si kwa sauti kubwa.

Mtoto wa kike akatoka jikoni, mwiko mkononi. Alikuwa na miaka kumi, labda kumi na moja, kama binti yangu leo. Alinisalimia, "Shikamoo," nikaitikia. Mama yake akampa picha.

"Huyu nani?"

Mtoto aliitazama. Naikumbuka ile nusu dakika kuliko karibu kila kitu nilichokipiga maishani. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kona, hayakupita usoni kwa mama yake kwanza, hayakupita kwenye kamba. Nikajua. Mama yake pia aliona macho yalikokwenda. Mwiko ulikuwa unadondosha tui kwenye mchanga, tone, tone.

"Kigingi, mama."

Alikuwa amenisikia kutoka jikoni.

Mama yake akanigeukia. Hakuwa na hasira usoni. Ningemwelewa vizuri zaidi kama angekuwa nayo. "Kaka," akasema, "wewe ndiye uliyepiga. Ni kigingi?"

Mfukoni nilikuwa na kile kioo kidogo cha kukagulia negativu. Nikakitoa. Nilikiweka juu ya karatasi nikainama, na nilipoinama kivuli changu kiliwafunika wote wawili. Mle ndani ya kioo, katika chembechembe za HP5, palikuwa na ushungi mweupe uliofungwa kisogoni ili usilowe, sketi imekunjwa na kubanwa kiunoni, na mkono mmoja umeshika kiuno, kiwiko kimetoka nje, kama wafanyavyo watu wazima wakichoka. Mtoto wa miaka kumi anapumzika mgongo.

Niliinua kichwa. Alikuwa ananitazama. Hakuniomba kitu, alinitazama tu.

"Ni mtu," nikasema.

Basi. Hakupigwa, hakufokewa. Mama yake alimwuliza kwa sauti ya chini ni mara ngapi, naye akasema mara tatu, kila bamvua, siku mbili mbili, akitoka nyumbani na daftari kama kawaida. Akauliza nani anajua. Mtoto akatazama mlango wa ndani. Na kutoka mle ndani, kama aliyengojea zamu yake, sauti ya bibi kizee ikauliza, "Nani kaja?"

"Mpiga picha, mama," yule mama akajibu. "Kaniletea picha yangu."

Ndipo nilipoelewa kwa vipande. Kamba za bibi zilikuwa zinajaa na kuvunwa, pesa zinaingia, na nyumba nzima imeambiwa kuna jirani anasaidia. Pesa zile zilikuwa zinakwenda wapi sikuuliza na sikuambiwa. Labda dawa ya miguu. Labda madaftari. Nililetewa chai ya tangawizi, nikainywa ikiwa ya moto mno. Mtoto alirudi jikoni na sikumwona tena. Wakati naaga, yule mama alikuwa bado ameishika picha kwa mikono miwili, kwa kingo, jinsi ile ile ninavyowafundisha watu kushika picha, na hakuna aliyemfundisha.

"Ahsante, kaka," akasema. "Umetimiza."

Nilirudi mara moja tu, mwaka uliofuata. Mlango ulikuwa umefungwa, wote wako pwani, na mimi gari ya mwisho ilikuwa inaondoka. Baadaye nikahamia bara. Sijui yule mtoto alimaliza skuli au bahari ilimchukua mapema kama ilivyowachukua wengi wa rika lake, sijui mama alimzuia au walikubaliana jambo wao watatu baada ya mimi kuondoka. Nimejiambia mara nyingi kwamba kusema kweli kulimrudisha darasani. Nimejiambia pia kwamba nilichofanya ni kumtolea mtoto siri yake, siri aliyoibeba yeye na bibi yake kwa heshima kubwa, halafu nikanywa chai. Ukweli ule ulikuwa wa kwao. Mimi nilipita tu na kamera.

Na kila nikifika hapo nakumbuka nakala mbili. Kama usiku ule wino ungetosha, ningempelekea ile safi. Angejitazama uso, angesifu kamba yake, angeitundika. Pale kona ya juu kulia pangekuwa na bahari tupu.

Yote hayo nilimsimulia binti yangu, kwa maneno machache kuliko haya. Alisikiliza bado ameshika negativu. Alitaka kujua yule mtoto anaitwa nani, nikamwambia nimesahau, na kweli nimelisahau, lile jina lililoitwa kwa sauti ndogo. Kisha akauliza:

"Kwa nini hukusema tu ni kigingi?"

Nikamwambia kwa sababu hakikuwa kigingi. Akanitazama, akasema, "Lakini yeye ndiye aliyesema."

Sikuwa na la kuongeza. Nilimpokea negativu nikairudisha kwenye karatasi yake. Alipokwenda kulala niliishusha ile picha ya ukutani, ambayo imenifuata kutoka Kikwajuni mpaka hapa, nikaondoa misumari midogo nyuma ya fremu. Nilikitafuta kioo, nikakiweka kwenye kona. Kazi ya brashi ilikuwa nzuri, hata leo sioni mpaka wake.

Wino wa maji hulegea ukiloweka karatasi muda wa kutosha. Si wote, lakini hulegea. Nimejaza beseni. Nimeweka barafu kidogo, kwa mazoea, ingawa safari hii haihitajiki. Picha iko mezani, kavu, na sijaitia majini bado.