Kifyonza vumbi cha mtumba kilichotetemeka: jinsi nilivyokitengeneza

Nakusanya vifyonza vumbi vya zamani, na huku Ohio, Marekani, maduka ya mitumba hayaniishii hamu. Familia zinapoondoa vitu kwenye nyumba za wazee wao, mashine nzito za alumini huishia rafu za nyuma. Hii nilipoichomeka kwenye soketi ya dukani iliwaka mara moja, lakini ilitetemeka mwili mzima na mvuto ulikuwa hafifu.

Wengi huiacha hapo wakidhani mota imekufa. Mimi niliisikiliza kwanza. Beringi, yaani vishikio vya mhimili wa mota, zikiwa mbovu hulia kwa mkwaruzo. Hii ilivuma vizuri, ila ilidunda. Nikachomoa plagi, nikavua kichwa cha mbele na kumulika ndani kwa simu: bawa moja la feni limekatika.

Mashine za aina hii zinafuata wazo la mvumbuzi James Murray Spangler wa mji wa Canton, hapa hapa Ohio, aliyepata hataza (haki rasmi ya uvumbuzi) mwaka 1908. Uchafu hupita kwenye feni kwanza, ndipo uingie mfukoni. Ikimeza sarafu au kokoto, bawa huvunjika na feni hupoteza mizani.

Nyumbani niliweka feni mpya ya mfano uleule, nikabadilisha mfuko na mkanda uliolegea. Kabla ya kufunga niliizungusha kwa kidole kuhakikisha haigusi ukuta wa ndani. Mtetemo umekwisha kabisa, na mvuto wake unafurahisha mno! Mkikosa feni mpya, waulizeni mafundi wa mashine hizi. Wengi huhifadhi vipuri vya mashine zilizokufa.