Siku Mazda Yangu Ilipozima Mteremkoni

Tulikuwa tumeshatembea kilomita 260, paa limekunjwa nyuma ya viti, mdogo wangu kajifunga kitambaa kichwani ili upepo usimvuruge nywele. Barabara ilikuwa imeanza kushuka mlima kwa kona ndefu ndefu. Niliweka gia ya nne ili injini ilishike gari na breki zisichemke. Mwendo 80, mshale wa mizunguko ya injini umesimama juu kidogo ya 3,000, mguu wangu haumo kwenye mafuta kabisa.

Ndipo mshale ule ukaanguka. Haukushuka polepole kama unavyoshuka mtu akibadilisha gia. Ulilala kwenye sifuri mara moja, na gari likaendelea kuteremka vilevile kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna mlio, hakuna moshi, hakuna taa nyekundu. Kwa sekunde moja nilidhani ni kipimo cha dashibodi tu kilichoharibika. Nikagusa mafuta. Hakuna kitu. Nikakanyaga hadi chini. Hakuna kitu.

“Limezima,” nikasema.

“Lakini linakwenda,” mdogo wangu akajibu, na wote tulikuwa tumesema kweli.

Nataka nikae kidogo kwenye dakika ile, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko yote yaliyofuata. Gari la zamani likizima ukiwa kwenye mwendo, akili inakimbilia chini ya boneti: ni mafuta, ni umeme, ni kitu gani? Hilo swali halina haraka. Chenye haraka ni kwamba umekalia karibu tani moja ya chuma inayoteremka mlima, na vitu viwili unavyovitegemea kila siku bila kuviwaza, breki nyepesi na usukani mwepesi, vyote vinakula nguvu ya injini.

Sevo ya breki, kile chombo kinachoifanya pedali iwe nyepesi, hufanya kazi kwa ombwe linalotoka kwenye injini. Injini ikifa, unabaki na akiba iliyomo ndani ya lile jungu jeusi lililo nyuma ya pedali, nayo inatosha kukanyaga mara mbili, pengine tatu. Baada ya hapo breki bado zipo, ila pedali inakuwa kama jiwe na inabidi uikanyage kwa nguvu zote za paja. Kwa hiyo ukizima, usipapasepapase breki. Kila ukiachia na kukanyaga tena unapunguza akiba. Unakanyaga mara moja, kwa uzito wa kudumu, unapokuwa umeshajua unasimama wapi.

Mkono wangu ulishaanza kwenda kwenye ufunguo. Nikaurudisha. Ukiurudisha ufunguo nyuma hadi mwisho huku gari linatembea, kufuli ya usukani inaweza kushika, na kwenye kona hilo ni jambo la kufa mtu. Nikaacha gia ndani pia. Magurudumu yalikuwa bado yanaizungusha injini kupitia gia, na maadamu inazungushwa, pampu ya usukani inasukuma na mteremko haulikimbizi gari.

Kioo cha nyuma: basi moja, mbali. Nikawasha taa za hazadi. Mbele, kama mita 400, niliona upande wa kushoto sehemu pana ya kokoto, moja ya zile ambazo malori husimama kupoza breki. Nikaipimia kwa macho, nikaanza kubana upande wa kushoto mapema, na nilipoikaribia nikakanyaga klachi. Hapo ndipo taa ya betri ikawaka, kipimo cha msukumo wa oili kikashuka, na usukani ukawa mzito ghafla mikononi kama unakoroga udongo. Breki moja, ndefu. Kokoto zikalia chini ya matairi. Tukasimama.

Nilivuta breki ya mkono na kukaa nimeshika usukani. Mdogo wangu alinishika bega, hakusema neno, nami nilishukuru kwa hilo.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989. Langu ni la 1990: viti viwili, injini ya lita 1.6 yenye valvu 16, nguvu zinakwenda magurudumu ya nyuma, taa za mbele zinazolala na kuamka. Uzito wake haufiki tani moja. Waliolibuni walitaka kurudisha ladha ya magari madogo ya wazi ya Uingereza ya miaka ya 1960, Lotus Elan likiwa mfano mkuu, na watu wakalipenda kiasi kwamba mwaka 2016 kiwanda kilitoa la milioni moja. Mimi nalipenda kwa sababu linakwambia kila kitu: barabara unaihisi mgongoni, gia inaingia kwa mwendo wa kiganja tu. Nimelimiliki miaka minne, na sijawahi kufika safari nikiwa nimechoka.

Lakini kando ya barabara kuu lina hatari yake. Urefu wake kwenda juu ni mita 1.2 na ushee. Dereva wa lori anayetoka kwenye kona anaweza asilione mpaka amelifikia. Kwa hiyo tulishuka wote wawili upande wa bondeni, si upande wa magari, mdogo wangu akapanda nyuma ya kingo za chuma, nami nikachukua pembetatu ya tahadhari nikarudi nayo juu. Sikuiweka nyuma ya gari tu. Niliipeleka hadi kabla ya kona, hatua zaidi ya mia moja, ili anayekuja aione akiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo. Nikafungua boneti, kisha nikaziamsha taa za mbele. Taa zikisimama na boneti ikiwa wazi, gari lile dogo linaonekana kubwa kidogo.

Basi. Sasa chini ya boneti.

Harufu ya petroli hakuna. Maji yapo, joto la injini la kawaida, mabomba yote mahali pake. Fyuzi nzima. Nikarudi kwenye kiti nikapiga stata mara moja, sekunde mbili.

Ilizunguka. Tena ilizunguka vizuri sana, na hapo ndipo mdogo wangu akainua kichwa kule alikokuwa.

“Kaka, hiyo sauti si ya kila siku.”

Nikamuuliza ana maana gani. Yeye ni fundi cherehani, anashinda na mashine masikioni tangu asubuhi hadi jioni.

“Ni nyepesi mno. Cherehani ikichomoka mkanda, kanyagio inakuwa hivyohivyo. Unakanyaga, inakwenda, lakini haibebi kitu.”

Nilisimama pale na ufunguo mkononi. Alikuwa amelisema lote. Stata ya injini nzima ina mapigo: uh-uh-uh-uh, kila pistoni inapopanda na kubana hewa stata inalemewa kidogo, kisha inapumua. Hii yangu ilikuwa na sauti moja iliyonyooka, kama feni. Injini haikuwa inabana hewa. Nikaukumbuka na ule mshale ulioanguka wakati gari bado liko kwenye gia. Kwenye injini hii, kihisi kinachoiambia kompyuta wakati wa kurusha cheche kinazungushwa na kamshafti, mhimili unaofungua na kufunga valvu, na mshale wa mizunguko unasoma huko huko kwenye cheche. Krankshafti, mhimili mkuu ulioungana na pistoni, ilikuwa inazunguka, magurudumu yalikuwa yanaizungusha. Kamshafti zilikuwa zimesimama. Kinachoziunganisha ni kitu kimoja tu, mkanda wa taimingi.

Sikuendelea kupiga stata. Hili nalisisitiza kwa yeyote mwenye gari la zamani: ukisikia sauti ile nyepesi, acha. Watu wengi hapo ndipo hupiga na kupiga, wakitumaini itashika. Kama injini yako ni ya aina ambayo pistoni na valvu zinapishana kwenye nafasi moja, mkanda ukikatika pistoni inazigonga valvu zilizobaki wazi na kuzipinda, na kila mzunguko wa stata unaongeza madhara. Porsche 944 ni mfano unaojulikana sana wa injini ya namna hiyo. Hii ya lita 1.6 ya Mazda imetengenezwa ikiwa na nafasi ya kutosha, pistoni ikifika juu kabisa haikutani na valvu. Nilijua hivyo kwa kusoma. Kulijua jambo kwa kusoma na kulitegemea ukiwa kando ya bonde ni vitu viwili.

Lori moja lilikuwa limeingia kwenye kokoto nyuma yetu, breki zake zikinuka. Dereva akashuka, mtu mzima mwenye mvi, akatembea polepole kulizunguka gari.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Limezima au limekufa?”

Nikamwambia ninachodhani. Akatikisa kichwa, akaenda kuchukua tochi. Tulifungua kifuniko cha kujazia oili. Ukimulika kwenye tundu lile unaiona kamshafti, chuma kinachong’aa chenye umbo kama yai. Tukakubaliana stata ipigwe mara moja ya mwisho, nusu sekunde tu, tupate hakika. Mdogo wangu akazungusha ufunguo, stata ikavuma, na lile yai la chuma halikutikisika hata kidogo. Tone moja la oili lilikuwa linaning’inia kwenye ncha yake, likabaki palepale.

“Limekufa,” mzee akasema kwa upole. “Lakini si kifo cha kuzikwa.”

Ufunguo ukatolewa kabisa, nikafungua boliti za namba 10 za kifuniko cha juu cha mkanda. Mkanda ulikuwepo. Nilitarajia kuona vipande, nikakuta mkanda mzima, mweusi, unang’aa. Nikaugusa, kidole kikarudi na oili. Nilielewa, na moyo ukaniuma. Sili ya kamshafti, kizuizi cha oili, ilikuwa inavuja kidogo kidogo, pengine kwa miaka, na oili ilikuwa inaunywesha mpira wa mkanda taratibu mpaka ukalainika. Niliponunua gari hakukuwa na karatasi yoyote inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini. Ratiba ni kilomita 100,000, na mpira huzeeka hata gari likiwa limelala. Nilikuwa nimepanga kuubadilisha. Nilipanga mwaka juzi, nikapanga mwaka jana. Mdogo wangu angeweza kuumia kwa ajili ya mpango huo.

Gari la kubeba magari lilichukua saa tatu kufika. Mzee wa lori alituachia tochi yake hadi alipohakikisha simu yetu imepokelewa, kisha akaendelea na safari. Kupandisha gari la chini hivi nako kunataka subira: pua ya mbele inagusa kabla matairi hayajafika kwenye ngazi. Tuliweka mbao mbili chini ya matairi ya mbele kupunguza mwinuko, gia ikawa huru, na mimi nikakaa ndani kushika breki, ile pedali ngumu kama jiwe, huku winchi ikivuta sentimita kwa sentimita.

Fundi aliifungua injini kesho yake asubuhi. Chini, kwenye gia ndogo ya krankshafti, mkanda ulikuwa umenyolewa meno kwa urefu wa shubiri moja. Uzi wake wa ndani ulikuwa mzima, ni meno tu yaliyong’oka, na gia ile ilikuwa inazunguka peke yake juu ya mpira laini. Meno yenyewe tuliyakuta ndani ya kifuniko, kama punje.

Alibadilisha mkanda, vikaza mkanda, sili za kamshafti zote mbili na ya krankshafti, na pampu ya maji ambayo inakaa nyuma ya hayohayo. Akalinganisha alama, kisha akachukua spana ndefu akaizungusha krankshafti kwa mkono, mizunguko miwili kamili, taratibu, kichwa kimeinama. Alikuwa anasikiliza kwa mkono kama kuna kitu kinagusa. Hakikugusa kitu. Akalinganisha alama mara ya pili, zikakaa palepale.

“Piga,” akaniambia.

Uh-uh-uh, ikashika. Valvu ziligonga tik-tik-tik, kama injini hizi zinavyofanya oili ikiwa bado haijapanda juu, kisha sauti ikapungua, ikaisha. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

“Sasa inabeba,” akasema.

Kabla boneti haijafungwa aliomba kalamu ya wino mzito. Akajipinda juu ya injini na kuandika kwenye kifuniko cha mkanda, kwa mwandiko wake mnyoofu wa mtu aliyezoea kupima vitambaa: tarehe, mwaka, na kilomita 161,240. Akapuliza wino ukauke. Tukakunja paa, tukaingia barabarani kuzimaliza kilomita 170 zilizobaki.