Jinsi nilivyotatua tatizo la mishumaa ya nta iliyopasuka

Krismasi iliyopita niliamua kuwapa ndugu zangu hapa Tabora mishumaa ya nta ya nyuki, kwa kuwa nta hupatikana bila shida kwa warina asali, lakini ya kwanza ilipasuka katikati na kuzimika kila baada ya dakika chache. Niliilaumu nta, kumbe kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeiyeyusha moja kwa moja juu ya jiko la mkaa hadi ikafuka moshi, ilhali huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kisha nikaitia kwenye maji baridi ili igande upesi.

Mara ya pili niliweka kopo la nta ndani ya sufuria ya maji ya moto, nikaichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, ambacho kilinasa mabaki ya masega na mabawa ya nyuki, nikaimimina katika vikombe vya bati vilivyopashwa moto na kuvifunika kwa blanketi usiku kucha. Utambi, uliokuwa uzi mmoja mwembamba, niliusuka upya kwa nyuzi tatu za pamba na kuuchovya kwanza katika nta. Mshumaa wa mama mkubwa uliwaka jioni nzima. Vikombe, nakiri, havikurudi jikoni.