Ahadi ya 1963: nilivyoandika tasnifu yangu kuhusu mahakama za kadhi

Nilipoanza masomo ya uzamivu katika sayansi ya siasa mwaka 2007, swali nililopewa lilikuwa iwapo Uislamu unaafikiana na demokrasia. Kwa mwaka mzima nilisoma vitabu vilivyolijadili, wala sikumkuta ndani yake mtu yeyote ninayemfahamu. Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na nyumbani kwetu swali hilo halikuulizwa. Lililoulizwa, tangu kura ya maoni ya Novemba 2005 ilipoikataa rasimu ya katiba, ni kama mahakama za kadhi zitabaki katika katiba mpya au zitaondolewa.

Niliomba kubadili mada. Msimamizi wangu alisita, akiona kwamba mahakama ni kazi ya wanasheria, nami nikaliandika upya pendekezo mara tatu hadi ikaeleweka kuwa ninachunguza siasa: jinsi jamii ya wachache ilivyotetea jambo lake kwa hoja za kikatiba, kwa kesi na kwa kura.

Nilianzia kwenye barua. Maili kumi za mwambao zilikuwa chini ya usimamizi wa Waingereza tangu 1895, huku Sultani wa Zanzibar akilipwa kila mwaka, na uhuru ulipokaribia wapo waliodai mwambao usiunganishwe na Kenya. Tarehe 5 Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walibadilishana barua zilizoeleza kwamba mamlaka ya makadhi katika ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu yatahifadhiwa wakati wote. Miezi mitatu baadaye serikali ya Shamte ilipinduliwa, na naamini hapo ndipo ulipoanza wasiwasi wa wazee wetu, kwa kuwa aliyepokea ahadi kwa niaba yao hakuwapo tena kuidai.

Kuzungumza na wazee hao kulikuwa kugumu kuliko nilivyotarajia. Muswada wa kupambana na ugaidi wa 2003 ulikuwa umewafanya watu wamwogope kila mwenye maswali. Mzee wa kwanza alikitazama kinasa sauti changu, akaniuliza, "Mwanangu, ukishaondoka, ni nani mwingine atakayenisikiliza humo?" Nilikizima, na tangu siku hiyo nikaandika kwa mkono na kumsomea kila mtu maneno yake kabla ya kuaga. Kwa kuwa mwanamke haketi na wanaume barazani, ami yangu ndiye aliyenipeleka majumbani mwao, akakaa nami hadi mwisho wa mazungumzo.

Nje ya mahakama ya kadhi sikuhitaji wa kunipeleka. Wengi waliosubiri pale walikuwa wanawake, wakidai matunzo, faskhi, yaani kuvunjiwa ndoa na kadhi, au haki yao ya mirathi, na nilikaa nao asubuhi nyingi kwa miezi saba. Mmoja aliniambia, "Mimi nimemwita mume wangu miaka miwili hakuja. Kadhi amemwita mara moja." Viongozi waliozungumza majukwaani kwa jina la Waislamu waliitaja heshima ya dini. Wanawake hawa walitaja karatasi ya talaka na pesa za chakula, na sura yangu bora zaidi ilitokana na tofauti hiyo.

Tarehe 24 Mei 2010, Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya viongozi wa makanisa kwamba kuingizwa kwa mahakama za kadhi katika katiba ya zamani kulikiuka msingi wa kutenganisha dini na serikali. Tarehe 4 Agosti, wapiga kura wakapitisha katiba mpya kwa karibu asilimia 67, na Ibara ya 170 ikazibakisha. Nililazimika kuiandika upya sura ya nne.

Niliitafsiri kwa Kiswahili, nikarudi kwa yule mzee wa kinasa sauti kumsomea. Alinisimamisha ukurasa wa pili, niliposema Waislamu wa mwambao "walipewa" mahakama. "Hatukupewa, mwanangu. Zilikuwapo, tukaahidiwa kwamba hazitaguswa." Nilizirejea barua za 1963 nikaona amesema kweli, kisha nikagundua kwamba neno lile, lililotumiwa pia na waliopinga mahakama hizo, lilikuwa limetapakaa katika tasnifu nzima. Ilinichukua majuma mawili kuliondoa, na hoja zangu mbili zilizoliegemea nikazifuta.