Baharia Asiye na Meli
Jana usiku, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, tulitazama The Time Traveler's Wife, filamu ya mwaka 2009 iliyotokana na riwaya ya Audrey Niffenegger. Shangazi, ambaye marehemu mumewe alikuwa baharia, hakushangazwa hata kidogo na Henry, ambaye huvutwa bila hiari kwenda nyakati nyingine, hata za utoto wa mkewe Clare, kutoweka ghafla na kuziacha nguo zake sakafuni; alichouliza, huku akimenya chungwa la Muheza, ni nani atakayeziokota. Mdogo wangu alilalamika kwamba Clare hakuchagua mume, kwa kuwa alizoeshwa kumngoja tangu utotoni. Namuunga mkono, ingawa Rachel McAdams anaigiza kungoja huko kwa utulivu unaoniuma. Riwaya huwapa wote wawili zamu ya kusimulia. Filamu, kwa haraka yake, imempunguzia Clare sauti.

"Kumbe ni baharia asiye na meli," Shangazi akasema.