Beki wa kulia, kuku 300 na kibanda cha miamala

Nacheza beki ya kulia Ligi ya Championship, Tanzania. Pembeni nafuga kuku wa nyama 300 na nina kibanda cha miamala ya simu. Kazi ya pembeni naichuja kwa swali moja: inaweza kukaa siku tatu bila mimi? Mechi ya ugenini hula siku tatu, basi la kwenda, mchezo, basi la kurudi.

Kuku ndio wenye hesabu. Chanjo zangu ni za magonjwa mawili ya kuku: kideri siku ya 7, gumboro ya 14, kideri tena ya 21. Zimepishana siku saba saba, kwa hiyo zote huangukia siku ileile ya wiki. Mechi zetu nyingi ni Jumamosi na Jumapili, Jumatatu tuko njiani. Basi vifaranga napokea Jumanne na kuanza kuhesabu kesho yake, chanjo zote zinakuwa Jumanne nikiwa nyumbani. Ligi ikipangua ratiba, nachanja Jumatano.

Chanjo simwachii kijana wa banda. Kwanza nawanyima maji kama saa moja na nusu ili wote wanywe kwa kiu, kisha nachanganya dawa kwenye maji ya kisima. Maji ya bomba yana klorini, inaua chanjo. Iishe ndani ya saa mbili. Ikizidi hapo imeshapoteza nguvu. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani siku hiyo, unaliona wiki ya nne kuku wakianza kudondoka.

Mifuko ya chakula ya kilo 50 siigusi siku mbili kabla ya mechi. Misuli ya nyuma ya paja ikikaza Ijumaa, winga wa kesho yake atakuonyesha.

Kibandani nataka namba mbili asubuhi na jioni kwa ujumbe: floti, yaani pesa iliyo kwenye laini ya wakala, na fedha taslimu. Zikijumlishwa lazima zilingane na mtaji. Pengo la elfu kumi naliuliza siku hiyohiyo. Ukisubiri urudi safari, hakuna anayekumbuka muamala gani. Kukaa pale mwenyewe ni baada ya mazoezi ya asubuhi tu, na nakaa kweli, kwenye kiti. Kusimama kutwa kunayafanya mashavu ya miguu kuwa mazito jioni.

Kwenye mkataba niliomba sentensi moja inayoruhusu shughuli nyingine nje ya muda wa timu. Viongozi hununa kidogo, lakini Sócrates alisomea udaktari huku akiichezea Botafogo ya Ribeirão Preto, na mwaka 1982 alikuwa nahodha wa Brazil Kombe la Dunia.

Sasa faida ambayo wachezaji wengi hawaifikirii. Klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili, kanuni za FIFA zinakuruhusu kuvunja mkataba, ila kwanza uipe notisi ya maandishi ya angalau siku 15 ilipe deni lote. Asiye na kitu husaini makubaliano yoyote siku ya tatu, kodi inamdai. Mimi siku hizo 15 nazila kwa pesa ya kuku.